Niliziona Pleti, Nikanyamaza

Wapendwa, nawasalimu wote, mliokuja leo na moyo mwepesi na mliokuja nao mzito. Mchungaji amenipa nafasi ya kushuhudia na amenionya nisizidishe. Mke wangu naye ameniambia nisipunguze. Mnajua wenyewe ni yupi ninayekaa naye nyumba moja, kwa hiyo mchungaji anisamehe.

Sitataja jina la mtu. Nitasema langu peke yangu, na langu mnalijua. Batoto wa hapa Kashojwa wananiita Baba Filamu, wakidhani zamani nilikuwa naonyesha sinema. Sikuonyesha sinema. Filamu zangu zilikuwa za kuchapa vitabu, na lazima nianzie hapo, maana bila hizo hamtaelewa nilivyoanguka.

Zamani, kabla kitabu hakijachapwa, kila ukurasa ulitolewa kwanza kwenye plastiki inayopitisha mwanga, yenye maandishi meusi. Hiyo ndiyo filamu. Mtu kama mimi alizilaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akazipanga moja moja, akazibandika kwa utepe, akakwangua madoa kwa wembe. Kisha zikawekwa juu ya bati jembamba tunaloliita pleti, zikamulikwa kwa taa kali, maandishi yakabaki kwenye pleti. Pleti ikaenda kwenye mashine, mashine ikachapa.

Na kupanga huko kuna akili yake. Karatasi moja kubwa inabeba kurasa nyingi, mbele na nyuma, wala hazikai moja, mbili, tatu. Zinakaa kama zimerushwa, nyingine kichwa chini, mpaka karatasi ikunjwe ndipo zinafuatana. Ukikosea fasi ya ukurasa mmoja, kitabu kizima kimekufa. Mimi sikukosea. Sisemi hivi kwa kujisifu. Hapana, ngoja, tuko mbele za Mungu: najisifu. Sikukosea, na nilipenda watu wajue kwamba sikosei.

Kazi hii nilijifunza Bukavu. Vita ikatutoa, tukafika hapa kambini Nakivale, mimi, mke na batoto. Tukapewa kiwanja, nikalima mahindi, mahindi yakanicheka. Wale majirani zangu mnaocheka hapo nyuma, mliyaona. Basi nikaenda Mbarara kuuliza kazi mlango kwa mlango. Kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nikamkuta mfanyabiashara mmoja Mwislamu, Hajji, amesimama mbele ya meza ya taa amekunja uso. Mtu wake wa filamu alikuwa ameacha kazi. Sikuomba kitu. Nilichukua wembe uliokuwa mezani nikaanza kupanga. Hajji aliniangalia mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Akanipeleka nyumba ya nyuma, kwa mama yake.

Mama huyo tulimwita Bibi. Babu zake walikuwa askari wa zamani waliokuja na Kiswahili chao, naye alikuwa amefundisha madrasa karibu maisha yake yote. Aliniwekea wali na maharage, akakaa kunitazama. Nilipotaka kuacha, kwa haya, akaniambia, "Wewe Mkongo, sahani ya mtu mzima haibaki hivyo. Maliza." Tangu siku ile nilikula kwake miaka. Kila siku alinisahihisha: si batoto, ni watoto, si fasi, ni mahali. Mkiona leo naongea nusu redio nusu Bukavu, ni kazi yake, na hakuimaliza.

Bibi alikuwa na kitabu chake. Alikiandika mwenyewe kwa mkono, cha watoto wanaoanza madrasa: herufi za Kiarabu, sura fupi za Kurani, dua za asubuhi na za jioni. Mara ya kwanza tulikichapa kwa filamu. Nikamwambia, "Bibi, mimi Kiarabu sijui hata alama moja." Akavuta kigoda, akakaa pembeni ya meza yangu ya taa. "Kusoma hujui," akasema, "lakini mlango wa nyumba unaujua. Vitabu vyenu mlango uko kushoto. Cha kwetu mlango uko kulia."

Ndugu zangu, msiojua mjue: kitabu cha Kiarabu kinafunguliwa upande ule ambao kwetu ni nyuma. Kwa hiyo kurasa zote zinabadilisha fasi. Nilichukua karatasi tupu, nikaikunja kama kitabu, nikaandika namba kuanzia kulia, nikampa. Akaifungua, akacheka mpaka akajifuta macho. Tukapanga pamoja, yeye ananionyesha ukurasa, mimi nabandika, na kurasa zake nikazijua kwa sura kama unavyojua nyuso za watu ambao majina yao huyajui. Kitabu kikatoka safi. Watoto wa madrasa wakakitumia mpaka kikachakaa.

Kisha ikaja ile mashine. Waliiita si-ti-pi. Kompyuta inapanga kurasa yenyewe, inapeleka kwenye mashine, na mashine inatoa pleti iliyokwisha kuwa tayari. Hakuna filamu. Hakuna wembe. Hakuna mimi. Ilikuja pamoja na dada mmoja Munyankore, mwenyeji wa huko, mjane mwenye watoto, aliyesomea kazi ya kompyuta. Meza yangu ya taa ikatolewa ikawekwa barazani, na siku moja nikakuta wenzangu wamepanga sahani za matoke juu yake, wanakula. Hawakuwa na ubaya wowote, walihitaji meza. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kitambaa.

Hajji hakunifukuza. Aliniita akaniambia, "Kaa na huyu dada akufundishe. Macho yako na kompyuta yake, tutakuwa na kiwanda." Nikamjibu kwamba nimezeeka. Ukweli ni kwamba sikutaka kufundishwa na mtu aliyezaliwa wakati mimi tayari nashika wembe. Dada mwenyewe aliniita kwa upole, "Mzee, kuja uone, si ngumu. Unabonyeza hapa tu." Nikamwambia, "Bonyeza wewe." Nikabaki mtu wa kubeba pleti kutoka kwenye mashine yake kwenda kwenye mashine ya kuchapa, na kukunja karatasi.

Nilipofika hapa nyumbani nikamlalamikia mke wangu. Hakunionea huruma. "Weye uko na kiburi mingi," akaniambia. "Ile mashini ilikufanya nini? Enda uikale pembeni ya ule dada, akufunze. Kichwa yako haijakufa." Nilimnunia wiki nzima. Ameketi pale, anatikisa kichwa, anakumbuka.

Sasa Bibi akaanza kuugua. Macho yalikuwa yanakwisha na miguu imevimba. Lakini alikuwa amekiandika kitabu chake upya, kwa mkono ulioanza kutetemeka, akaongeza dua na kupanga sura vizuri zaidi. Akanipa karatasi zile mimi nizipeleke kiwandani. Akaniambia, "Hiki ndicho cha mwisho, Mkongo. Nataka nikishike." Na Hajji akatuambia wote, "Kazi hii itangulie kazi zote. Mama anaingoja." Akarudi nyumbani kumuuguza.

Dada akazipiga picha zile karatasi, akaziingiza kwenye kompyuta, kompyuta ikapanga. Ikatoka pleti ya kwanza. Niliishika kwa pembe zake nikaitazama.

Ilikuwa imepangwa kwa kitabu kinachofunguliwa kushoto.

Niliona palepale. Dada hakuwa na kosa la kulaumiwa, hakuwahi kuchapa kitabu cha Kiarabu maisha yake, na kompyuta ilifanya inavyofanya siku zote. Mwenzetu wa mashine ya kuchapa naye haijui hata alifu. Mtu mmoja tu katika kiwanda kile alijua, na pleti ilikuwa mikononi mwake.

Nawaambia ukweli, wapendwa. Sikusahau. Sikuchanganyikiwa. Maneno yalikuwa mawili tu: "Dada, geuza." Moyo ukaniambia, acha. Si wanasema kompyuta haikosei? Acha waone. Nilijua Hajji atapita jioni, ataona karatasi za kwanza, atashika kichwa, ataita kwa sauti watu wote wasikie: Mkongo, njoo utuokoe! Nilitaka kuitwa. Ni hilo tu. Sikutaka mabaya kwa mtu, nilitaka kuitwa.

Hajji hakupita jioni ile. Mama yake alizidiwa. Karatasi zikachapwa zote. Kesho yake zikakunjwa, na mimi nilikunja na wenzangu, kwa mikono hii. Kila karatasi niliyokunja nilisema moyoni, sasa nitasema, sasa nitasema. Na kila moja iliyokunjwa ikafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Zikashonwa, zikavishwa majalada, zikakatwa pembeni. Siku ya tatu Hajji akaja mbiombio, macho mekundu, hata hakufungua. "Mkongo, beba boksi moja, twende tukampe."

Bamama mliowahi kuuguza, mnakijua chumba kile. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Hajji akamwekea kitabu kwenye kiganja. Akatabasamu, akakinusa, maana wino bado ulikuwa mbichi. Kisha akakifungua kama alivyofungua vitabu vyake vyote tangu utotoni, kutoka kulia. Akakisogeza karibu na jicho. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akapitisha kidole pale kiliposhonwa, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Kimeanzia mwisho," akasema.

Hajji akakichukua, akakitazama, akakaa kitandani kama mtu aliyepigwa. Bibi akageuza uso upande wangu. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, kwa mshangao kweli, "Mkongo, kwani wewe hukuwepo?"

Hapo, ndugu zangu, Mungu alinipa mlango wa pili. Nikamjibu, "Sikuwepo, Bibi. Nilikuwa Nakivale."

Akasema, "Basi. Mtachapa kingine." Lakini mkono wake ulikuwa bado umebaki wazi pale juu ya shuka, pale kitabu kilipokuwa.

Hajji alijaribu kuokoa. Alikata mgongo wa kitabu kimoja tukishone upande wa pili. Haikuwezekana, maandishi ya Bibi yalijaa mpaka pembeni, na uzi ukapita juu ya maneno ya Kurani. Akautoa uzi ule kwa kucha zake mwenyewe, akaagiza karatasi nyingine Kampala. Kisha akamwita dada wa kompyuta. Alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hutafuta pa kuuweka. Akamwambia aende. Dada alipokuwa anakusanya vitu vyake, kikombe chake na kanga ya kujifunika baridi, alinigeukia mimi: "Mzee, hata sijui nilikosea wapi." Nikatazama ukutani.

Karatasi zilikuwa bado hazijafika Bibi alipofariki. Walimzika siku ileile, kama desturi yao. Nilisimama nyuma ya watu, nisijue niombe vipi, mimi Mkristo mwenye wino wa kitabu chake bado kwenye kucha.

Na sikilizeni hili, maana shetani ana mzaha. Baada ya msiba Hajji aliniita mbele ya wote, akasema, "Mkongo, kuanzia leo pleti yoyote isiende bila wewe kuitazama." Nilichokitaka nilikipata. Niliitwa.

Kutoka pale nilianza kunywa. Kuna wanaume humu ndani waliowahi kuniokota njiani siku za Jumamosi, nisiwataje, wanajijua, na Mungu awalipe maana mimi ni mzito. Kanisa niliacha. Kila nilipofumba macho kuomba nilisikia, kwani wewe hukuwepo? Mke wangu aliniuliza, "Nini iko inakukula?" Nikamwambia ni kazi. Aliacha kuniuliza, akaanza kufunga na kuomba, yeye na bamama wengine wawili. Sikujua. Nilidhani anabana chakula.

Miezi ikapita. Vile vitabu vilivyoharibika vilikuwa bado kwenye maboksi. Karatasi nyingine zikiharibika kiwandani, wauza chapati na karanga wanazichukua kufungia. Lakini karatasi yenye maneno ya Kurani Waislamu hawaifanyi hivyo. Haitupwi, haifungiwi kitu, haikanyagwi. Inafungwa kwa kitambaa safi na kuzikwa mahali pasipopita miguu. Siku moja asubuhi Hajji akaniambia nimsindikize shambani kwake, upande wa Kaberebere. Tukapakia maboksi yote. Tulikuwa wawili tu, na jembe, na sepetu, na shuka jeupe.

Alichagua mahali mwisho wa migomba. Akanawa, akavua viatu. Mimi nikachimba. Yeye alitoa vitabu kwenye boksi kimoja kimoja, akavipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu, akavilaza kwenye shuka. Havikurushwa hata kimoja. Na vyote, ndugu zangu, vilikuwa mwandiko wa Bibi, ule mwandiko wa kutetemeka, vitabu kwa vitabu. Nilikuwa ndani ya shimo, udongo umefika kifuani, nikaona anakifungua kimoja, anakifungua kutoka kulia, kwa mazoea, kisha anakifunga. Machozi yake yakadondoka kwenye jalada, akayafuta haraka, kana kwamba amelichafua.

Jembe likaniponyoka. Nikasema, "Hajji, nilikuwepo."

Hakuelewa. Nikasema tena. "Siku ile ya pleti nilikuwepo. Niliziona. Nilijua zimegeuka nikanyamaza. Na kwa Bibi nilisema uongo. Dada hana kosa, kosa ni langu."

Nilingoja anipige na sepetu, na nawaapia, nilitamani anipige. Aliangalia vile vitabu, akaniangalia mimi mle shimoni. Mwishowe akasema, "Maliza kuchimba."

Nikamaliza. Tukavifunga, tukavilaza, tukafukia kwa mikono. Tulipofika kiwandani akazima gari, akabaki ameshika usukani. "Mimi nimekusikia," akasema. "Mama hawezi kukusikia tena, hilo utalibeba. Lakini yule dada bado ana masikio. Usirudi hapa kabla hujamwona."

Nilimtafuta siku nne. Nikamkuta Kikagate, karibu na mpaka, anauza viatu vya mitumba juu ya turubai. Aliponiona alifurahi! Aliniita mzee wangu, akataka kuninunulia soda. Nikamwambia kabla soda haijafika.

"Wewe uliona?" akauliza.

"Niliona."

"Na mimi kila siku nakumbuka vile nilibonyeza," akasema. "Kila siku, ssebo, mzee wangu. Nilisema kichwa yangu imeharibika. Dada yangu alinipatia kazi ya kompyuta shuleni, nikakataa, naogopa hata kushika. Kumbe wewe uliona."

Akaja mtu kuuliza bei ya viatu. Akamhudumia vizuri, akamfungia. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Enda. Leo enda tu." Nikaenda.

Baadaye Hajji alimfuata mwenyewe, akamwomba radhi, naye dada akarudi kazini. Ni yeye aliyekipanga kitabu cha Bibi mara ya pili, na mimi nikakaa pembeni yake kwenye kiti cha mwanafunzi. Alinionyesha pa kubonyeza ili kitabu kifunguke kulia. Ni mahali pamoja tu. Pombe nimeacha. Kompyuta najifunza, vidole vyangu vizito, ananicheka. Lakini msinielewe vibaya, hajawahi kuniambia amenisamehe. Asubuhi ananiambia "Agandi", namwitikia, tunaanza kazi. Sijamwuliza. Sina haki ya kumwuliza.

Nashukuru. Namshukuru Hajji, ambaye haabudu nasi lakini hakunifukuza mara mbili. Namshukuru dada yule kwa kila asubuhi anayonisalimia. Nawashukuru walioniokota njiani, na bamama wawili waliofunga na mke wangu bila kuambiwa ni kwa ajili ya nini. Mke wangu, wewe nitakushukuru nyumbani, hapa nitalia.

Wengi mtadhani nimekuja kulaumu mashine. Mashine ingekuja tu, hata ningelala mlangoni kuizuia, na meza yangu ya taa ilikuwa imemaliza wakati wake. Kilichoniangusha ni kutaka wenzangu wateseke kidogo ili nionekane wa maana. Kidogo tu, mpaka jioni. Kama uko hapa na unaona kosa ambalo mwenzako halioni, na moyo unakuambia, acha aone mwenyewe, nakuomba inuka umwambie leo. Wewe hujui jioni hiyo ni ya nani.

Kitabu kipo. Watoto wa madrasa Mbarara wanakisoma, na vichache vimefika hata hapa Nakivale, kwa majirani zetu. Ni kizuri, hakina kosa. Aliyekiandika alitaka kukishika mara moja tu, na hakukishika, na sababu ni mimi ninayesimama hapa. Niombeeni. Naomba nikae.